Gari Lililoamka Kabla Yetu

Mjomba Malachy alinipa sheria moja tu ya kununua gari la dizeli lililozeeka, na njiani aliirudia mara tatu kama anayemfundisha mtoto sala. Ukifika, kabla hujamsalimia mtu, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa baridi, endelea. Ikiwa na joto, geuka uende zako, maana mwenye gari amelipasha ili usisikie linavyohangaika kuwaka asubuhi.

"Hata akiwa padri?" nilimuuliza.

"Padri hasa."

Alikuwa fundi wa matrekta pale Strokestown kwa miaka arobaini. Magoti yalikuwa yamekwisha lakini masikio bado. Jumamosi ile tulitoka kabla hakujapambazuka vizuri, makusudi, ili tumkute mwenye gari hajajiandaa. Ilikuwa Januari, na barafu nyembamba ilikuwa imefunika mashamba yote hadi kwenye kuta za mawe.

Nililihitaji gari lile kuliko nilivyomwambia. Kigari changu cha petroli kilikufa wiki moja kabla, nje kidogo ya Mullingar, na fundi aliyekivuta aliniambia nisipoteze hela. Kazi yangu ilikuwa Dublin, kwenye maabara ya hospitali, kilomita mia moja na arobaini kutoka nyumbani. Zamu ilianza saa moja na nusu asubuhi, na treni ya kwanza hufika wakati wenzangu wameshapima nusu ya damu ya siku. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia tangu Agosti. Mchana jirani yetu Nuala alikaa naye, usiku nilikaa mimi. Msimamizi wangu alinipa likizo ya wiki moja nitafute gari, akaniambia kwa upole kwamba Jumatatu nisipoonekana itabidi aite mtu mwingine. Ningeweza kupanga chumba Dublin. Lakini hapo Mama angepelekwa kwenye nyumba ya wazee, naye alikuwa ameshaanza kuniuliza, kwa nusu ya mdomo iliyombakia, kama chakula cha huko ni kizuri.

Tangazo lilisema gari ni dizeli, la mwaka 2009, dereva mmoja tu, na mwendo wake wote ni wa barabara kuu. Bei ilikuwa yuro elfu tatu na mia mbili, na mimi nilikuwa na elfu tatu na mia tatu.

Tulimkuta mwenye gari, Fintan Geraghty, amesimama mlangoni, koti juu ya sweta, kana kwamba alikuwa pale muda mrefu. Alikuwa mzee mrefu sana, wa kuinama akipita mlangoni kwake mwenyewe. Mimi siwezi kugusa gari la mtu kabla ya kumsalimia, kwa hiyo nilimsalimia kwanza, kisha nikaliegemea gari kama mtu anayelitamani. Boneti ilikuwa na joto, joto la mkate uliotoka tanuri punde. Mjomba aliniangalia usoni, akajua.

"Bwana Geraghty," alisema, "gari lako limeamka kabla yetu."

"Limeamka."

"Na aliyeliamsha nani?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika tano."

Mjomba alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nimezika matrekta mengi, mzee mwenzangu. Mgonjwa aliyepakwa poda namjua."

Mzee alimpa Mjomba ufunguo. Injini iliwaka mara moja, kama injini yoyote yenye joto inavyowaka, lakini taa moja ya njano ilibaki kwenye dashibodi, na Mjomba akaigonga kwa ukucha. Ilikuwa taa ya chujio la moshi. Alisema, kwa sauti ya kutosha watu wawili, kwamba chujio kama lile huzibwa na masizi gari likikaa bila safari, na kwamba tangazo linasema barabara kuu ilhali gari hili halijaiona barabara kuu tangu kiangazi. Mzee alikuwa anaangalia buti zake. Mwishowe alisema chai iko tayari ndani.

"Hatukuja kunywa chai," Mjomba alisema.

Kwetu hata mtu usiyempenda unakunywa chai yake kwanza. Nilimwona mzee akiyapokea maneno yale, akirudisha mikono mifukoni, nami nikaingia kwenye pikapu ya Mjomba bila kuaga, na hilo ndilo lililoanza kuniuma.

Njiani Mjomba alizungumzia gari jingine huko Boyle. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nafikiria kioo cha mbele cha lile gari la kijivu. Barafu ilikuwa imekwanguliwa upande wa dereva, na kipande kidogo upande wa pili, pale dereva anapotazamia kioo cha pembeni. Kilikwanguliwa vizuri na mtu asiye na haraka. Sasa mtu anayetaka kuficha ugonjwa wa injini anaipasha injini, lakini kioo anakikwangulia nini? Tena kiti kilikuwa kimesogezwa karibu kabisa na usukani. Magoti ya mzee yule yasingeingia pale hata akiyakunja kama kiti cha kambi.

Kwenye njia panda nilimwomba Mjomba asimame.

"Umesahau kitu?"

"Ndiyo," nilisema, na haikuwa uongo wote. Nilimwambia anisubiri, nikarudi kwa miguu.

Fintan alikuwa amekaa jikoni. Vikombe vitatu alivyoviandaa bado vilikuwa mezani, viwili vimefunikwa visahani. Kadi ya kumbukumbu ya marehemu ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, yenye picha ya mwanamke mfupi wa uso wa duara na jina Assumpta. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, na yote yakanipotea.

"Kwa nini umekwangua kioo?" nilimuuliza.

Alifunua kikombe kimoja, akanimiminia chai, akanisogezea mkate na siagi. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Alinieleza taratibu. Yeye hajui kuendesha chochote isipokuwa trekta. Mkewe alikuwa mpishi katika jiko la hospitali moja Dublin, na aliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kila asubuhi, miaka kumi na minne kwa gari lile. Hakuna kitu alichokichukia kama baridi. Siku gari lilipoletwa waligawana kazi: yeye Assumpta aliendeshe, Fintan alitie joto. Kwa hiyo kila siku alitangulia kuamka, akaliwasha, akakwangua kioo, na mkewe alipotoka alikuta kiti chake kina joto.

"Alikufa Juni," alisema. "Kitandani. Na sisi siku zote tulidhani ni barabara ndiyo itakayomchukua."

"Na wewe bado unaliwasha."

"Nikilala saa ile nasikia kama namchelewesha."

Binti yake aliye ng'ambo, huko Perth, ndiye aliyeweka tangazo. Fintan mwenyewe hakukataa, lakini hakujua angemwambiaje mnunuzi kuhusu saa kumi na moja na dakika tano, basi Mjomba alipomwuliza alijibu alichoulizwa, akaishia hapo.

Nilikuwa na jambo la kumwambia, nami sikutaka kulisema. Ningeweza kunywa chai yangu, nikamshukuru, nikamwacha na asubuhi zake. Ningeweza pia kulitumia kumshusha bei, kama Mjomba angefanya. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Gari la dizeli halitunzwi kwa kusimama," nilisema. "Ile taa ya njano ni masizi. Kila asubuhi ukiliwasha na lisiende popote, yanazidi."

Alishusha kikombe chake mezani.

"Kwa hiyo nalinyonga."

"Ndiyo."

Nilitamani niyarudishe maneno mdomoni. Lakini yeye alikuwa ameshageukia dirisha, akilitazama gari pale uani kama mtu anavyomtazama mnyama wake aliyedhani ni mzima.

"Litapona?"

Nilimwambia sijui. Likipata mwendo mrefu, wa saa nzima bila kusimama, huenda masizi yakaungua yenyewe. Au yasiungue, na chujio jipya ni nusu ya bei ya gari.

"Wewe ungelipeleka wapi?"

"Dublin. Kila siku." Na kwa kuwa alikuwa ameniambia yake, nilimwambia yangu: Mama, Jumatatu, na lile swali la chakula.

"Ungetoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Mapema kidogo kuliko yeye," alisema. Akazungusha kikombe chake juu ya meza. Kisha akaninyooshea mkono nami nikaushika, bila kupunguziana hata yuro moja. Aliniomba jambo moja tu, nimwachie gari asubuhi moja zaidi, ya Jumapili.

Mjomba aliposikia hakunipigia kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema natoa akiba yangu yote kwa gari ambalo hakuna aliyelisikia likiwaka baridi, lenye chujio lililoziba, na Jumatatu likinizimikia njiani sitakuwa na gari, wala hela, wala kazi. Nilijua. Nilikuwa nimeyahesabu hayo yote nilipokuwa narudi njia panda.

"Umenunua huruma, mwanangu," alisema, akiwasha pikapu. "Na huruma haina gia ya tano."

Jumapili nilimlisha Mama, nikamwogesha, nikamwambia nimepata gari. Aliuliza kama lina joto ndani, kwa sababu lile la zamani halikuwa nalo. Nilisema ndiyo.

Jumatatu Mjomba alinipeleka mwenyewe, ingawa hakuna aliyemwomba. Tulifika saa kumi na moja na dakika kumi. Nyota zilikuwa bado zipo na barafu ilikuwa nzito kuliko ya Jumamosi. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka na Fintan alikuwa amesimama mlangoni akiwa na koti lake, mikono mifukoni. Gari lilikuwa limefunikwa weupe mtupu, vioo vyote, paa lote.

"Mjomba wako alitaka kulisikia likiwa baridi," alisema.

Niliweka mkono juu ya boneti. Baridi iliniuma hadi kwenye mfupa. Nilimwangalia mzee, nikafikiria alivyokaa jikoni asubuhi ile saa kumi na moja na dakika tano ikipita, halafu sikutaka kufikiria zaidi. Mjomba alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaishika mkononi.

Niliingia. Sikulazimika kusogeza kiti, mimi na Assumpta tulikuwa kimo kimoja. Niligeuza ufunguo nusu, nikasubiri taa ndogo ya hita ya injini izime, kisha nikageuza mpaka mwisho. Injini ilikohoa, ikakaribia kukata tamaa, ikakohoa tena, ikashika. Moshi mweupe ulitanda uani. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja likielekea boneti, kisha akanyanyuka.

"Linakohoa kama mtu yeyote wa umri wake," alisema. "Hana tatizo huyu. Ni chujio tu."

Fintan alitoa mfukoni kipande cha plastiki cha kukwangulia barafu, ambacho upande mmoja ulikuwa umelika. Alianza upande wa dereva. Alikwangua bila haraka, kutoka juu kwenda chini, akapangusa kwa mkono wa koti, kisha akazunguka akakwangua kile kipande kidogo cha upande wa pili. Nilikaa ndani nikamtazama kupitia kioo kilichokuwa kinafunguka. Nilijua hanitazami mimi.

Alipomaliza nilimpa bahasha. Aliifungua, akatoa noti moja ya ishirini, akaikunja na kuniwekea kiganjani, kama desturi ilivyo, pesa ya bahati ambayo muuzaji humrudishia mnunuzi. Kile kipande cha plastiki alikirudisha mfukoni mwake.

"Bwana Fintan," Mjomba alisema, akitazama kofia yake, "ile chai ya juzi bado ipo?"

"Ipo."

Nilipotoka getini niliwaona kwenye kioo, wazee wawili wamesimama pale gari lilipokuwa, kwenye kipande cheusi cha ardhi ambacho barafu haikukifikia.

Taa ya njano iliwaka hadi Longford. Iliwaka Longford hadi Mullingar. Mjomba alikuwa amenielekeza nikae gia ya nne barabarani, niiache injini ilie, nisiionee huruma, nami nilikaa gia ya nne malori yakinipita. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu ilikuwa bado inawaka. Nilianza kupanga nitakavyomwambia Mama. Karibu na Kinnegad nilisikia harufu ya kitu cha moto, kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo, na injini ikabadili sauti. Nilishika usukani nikasubiri izime. Haikuzima. Harufu ilikaa kwa kilomita kadhaa, ikaisha. Nilipotazama tena dashibodi, taa haikuwepo.

Siku zote naogopa kupiga simu. Lakini niliingia kwenye kituo cha mafuta, nikaegesha pembeni bila kuzima injini, nikampigia Fintan. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Taa imezimika," nilimwambia.

Nyuma yake nilimsikia Mjomba akiuliza ni nani.

"Na miguu yako?" Fintan aliuliza. "Ina joto?"

"Ina joto," nilisema.

"Basi nenda," alisema. "Usichelewe."