Jina la Mgongoni

...wala asilitamke, hata kwa kupumua, aume meno tu, atazame, maana mwamuzi bado ameinamia ile televisheni yake ndogo kando ya uwanja, huko Ubelgiji, na mtoto amesimama kwenye nukta ya penalti, mpira kwapani, mguu wa kushoto anausugua nyuma ya mguu wa kulia, mara moja, mara mbili, Mungu wangu, ni vile vile, hivyo ndivyo alivyokuwa akijipangusa tope akitoka shamba la mihogo kule Lweba, kabla ya kuingia hemani kwao, kambini kwa wakimbizi, na jina likampanda Marie-Goreth kooni, jina alilompa yeye mwenyewe, Bucumi, likafika kwenye meno likarudi, kaa huko, kaa chini, humu ndani kuna watu mia na simu mia, ukipayuka hapa mjini Baraka saa kumi, kabla ya saa kumi na moja wanalo Ulaya... "Ile ni penalti! Anaangalia nini tena?" Huyo ni Déogratias, mwenye sine, mwenye ukumbi huu wa kuonyeshea mpira, amepanda juu ya benchi karibu na dekoda yake kama mtu anayelinda mtungi wa pombe, "Mama Anatole, usiogope, mutoto wako iko na roho ya nguvu!" na ukumbi mzima ukageuka, si kumwangalia yeye, thubutu, wakamgeukia Fanny, Fanny aliyekaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, kiti pekee humu ndani, wengine wote mabenchi, na walipofika mlangoni Déogratias alikuwa amepiga kelele, mupishe, mupishe, mama ya Anatole amefika, kisha akamtazama Marie-Goreth juu mpaka chini, na huyu mama wa kambi? na Fanny akajibu haraka, iko rafiki yangu, basi rafiki akapewa ncha ya benchi, tako moja ndani, moja nje, miezi tisa aliyobeba hiyo mimba na leo ni rafiki, haya.

Na hii shaneli nayo, shaneli ya mpira mtupu, haina habari, haina misa, haina hata wimbo, mpira asubuhi, mpira mchana, na mpira ukiisha wanakaa wanaume wanne wenye makoti kuongea mpira, hawachoki hawa, Déogratias hakuwa na abonema yake zamani, ile ada ya kila mwezi, aliitafuta pale mtoto wa Baraka alipoanza kuonekana huko, na yeye Marie-Goreth aliyekuwa hajui kona ni nini, sasa anajua kona, anajua kuotea, anajua mwanawe amekimbia kilomita ngapi, kwa sababu mtoto akipiga simu husema niko salama, mama, salama tu, ni shaneli iliyomwambia alivunjika kidole, ni shaneli iliyomwambia amepona, na ni shaneli inayoandika chini ya sura yake miaka kumi na tisa, uongo, ana ishirini na miwili, mimi nilikuwepo, alizaliwa mvua inapiga bati... na Jumamosi iliyopita wakamuuliza kwa Kifaransa, mama yako anafanya kazi gani, na Déogratias akafasiri kwa sauti kubwa, "Anasema mama yake anauzishaka ndagala hapa soko ya Baraka!" watu wakampigia Fanny makofi, Fanny wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Marie-Goreth, mwenye jembe, aliyemsomesha huyo mtoto kwa mihogo, akapiga makofi naye, kwa mikono hii hii, akarudi kambini akashindwa kula. Ilibidi aseme hivyo, anajua, si mjinga, angesema nini, mwezi jana shaneli hii hii ilionyesha mchezaji mmoja kijana, picha mbili, majina mawili, wale wanaume wanne wanatikisa vichwa, wamemfungia miaka miwili, kwisha, tangu siku hiyo Marie-Goreth usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Lakini moyo hausikii maelezo, moyo unataka kupiga kelele.

"Aka! Bado anaangalia?" mtu nyuma akasonya, picha ikarudiwa pole pole, mtoto anaangushwa, anaangushwa tena, kila mara kifua cha Marie-Goreth kinaanguka naye, amka mwanangu, amka, na mgongoni mwa jezi yale maandishi makubwa, ANATOLE, jina la mtu mwingine... na hakuliiba, hapana, asimsingizie mtoto, hata Fanny asimsingizie, Fanny hakuombwa, ni yule kocha kutoka Bukavu aliyesema kipaji kipo lakini karatasi ya mkimbizi siwezi nayo, nipate cheti cha kuzaliwa kabla ya Jumatatu, na Marie-Goreth akaenda kulia kwa Fanny, kulia tu, kwa kuwa walikuwa wakibadilishana unga na ndagala miaka yote ile, na Fanny akainuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa cheti kilichokunjwa mara nne, "Wangu alikufaka Swima, alikuwa na miaka sita, tumbo ilimumaliza siku mbili. Hapana muntu alipanda Fizi ku bureau kusema amekufa. Nani anapandaka ile mulima juu ya kwenda kusema vile? Mu kitabu yabo angali muzima. Beba." Akambebesha, hivyo hivyo, hakulia, na Marie-Goreth kwa furaha hakumtazama hata usoni, alikimbia na karatasi, tangu hapo Bucumi akawa Anatole, na Fanny akawa Mama Anatole, na yeye aliyekuwa Mama Bucumi kambi nzima akaanza kuitwa Mama Divine, kwa jina la binti yake mdogo, na Fanny, Marie-Goreth humwita Fanny tu, kavu, Mama Anatole haitoki kinywani mwake, haijatoka hata siku moja.

Basi wakaanza, kwanza vijana wa nyuma, halafu mabenchi yote, wanakanyaga sakafu, A-na-to-le, A-na-to-le, bati linatetemeka, na Marie-Goreth akageuka amwone Fanny anavyojidai, safari hii atamwonyesha jicho... na Fanny hatazami mpira. Macho amefunga. Shaneli iko mbele yake, kiti kizuri, mtoto amejaa kwenye kioo, yeye amefumba macho, viganja juu ya magoti, na kila wanapoliita lile jina midomo yake inacheza kidogo, analifuata, na Marie-Goreth akajiuliza ni lini amewahi kumwona huyu akitazama mechi, Jumamosi zote hizi, akatafuta, hakukumbuka hata moja, anakumbuka tu lori walilopanda pamoja lilipopita kijiji cha Swima na Fanny akageuza uso upande wa ziwa mpaka nyumba zikaisha, anakumbuka sokoni walikuwa wakimwita mama wa ndagala, asiye na mtoto, na huyo mtoto, miaka sita, nani alipata kumwita, mama yake, bibi yake, padri siku ya maji ya ubatizo, basi, watu watatu, na leo watu mia wanamwita kwa nguvu zao zote na mama yake amekaa anasikiliza, na filimbi ya mwisho ikilia watanyamaza, watatoka, na wake hatapiga simu Jumapili... Wangu atapiga. Wangu atasema niko salama, mama. Ee Mana, ee Mungu, na mimi nimemhesabia kiti cha plastiki, na mimi nimekuja hapa na kinyongo kama mke mwenza, aibu ikamshika, ikamchoma mpaka masikioni, machozi yakatoka bila kuomba ruhusa.

Mwamuzi bado ameinama. Mtoto bado amesimama, akausugua mguu tena, na lile jina likapanda tena kooni, Bucumi, na safari hii halikugonga meno, lilikaa tu, likapoa. Marie-Goreth akainamia sikio la Fanny, ikabidi apaze sauti juu ya kelele zote zile, akasema, "Mama Anatole... unasikia, Mama Anatole, namna banamwita mutoto wako?"

Fanny hakufungua macho, aliitikia kwa kichwa tu kwamba anasikia, na Marie-Goreth akafungua kinywa akaanza kuliita pamoja na wengine.