Simu Ndani ya Shimo la Ndizi

Mwalimu Gaudence, mstaafu wa sekondari, alikuja kwangu Mugoma Jumapili baada ya misa, amekunja uso kama mtu aliyeuziwa mbuzi tasa. Akanisogezea simu yake.

"Mama Koleta, tazama alichoniandikia mjukuu wako."

"Mwalimu, Kiingereza changu kiliishia kwenye kukuamkia."

"Huhitaji kukijua. Tazama tu. Herufi moja, namba, herufi mbili. Hiki ni Kiingereza au ni namba ya lori?"

Nilicheka peke yangu. Ineza, mtoto wa marehemu binti yangu Koleta, alikuwa ameomba kazi ya ukarani kwa wakala mmoja wa forodha pale Rusumo. Wangemwita kwenye mtihani wa kuandika barua kwa Kiingereza. Tangu tumzike mama yake, hiyo ndiyo nafasi ya kwanza kumpitia karibu.

"Wamezoea kukatakata maneno kwenye simu," Mwalimu akasema. "Siku ya kuandika neno zima, mkono unagoma. Mwondolee hiyo simu, hata siku nne, aandike kwa kalamu."

Siku hiyo nilikuwa nafukia ndizi za pombe ili ziive. Shimo nilishalipasha moto na kulitandika majani ya mgomba. Ineza alipokwenda kuteka maji, nikaizima simu yake, nikaifunga kwenye nailoni, nikaitia katikati ya vichane, nikafukia udongo. Nilijiona mjanja sana. Nani atafukua ndizi za bibi?

"Bibi, simu yangu iko wapi?"

"Iko mapumzikoni. Alhamisi itarudi."

"Wataniita kwa simu hiyo!"

"Ofisi yenye akili inaita kwa barua yenye muhuri. Mimi nilipoitwa kufagia zahanati, barua ililetwa na tarishi."

"Mwaka gani huo, bibi?"

"Mwaka ambao watu walikuwa wakimaliza maneno yao."

Hakucheka. "Bibi, wewe na jirani yetu Domisiana mkiwa jikoni mnaongea nusunusu, mmoja anaanza, mwingine ameshaelewa. Ukisoma somo kanisani, unalikata?"

"Nikate neno la Mungu?"

"Basi na mimi najua ninamwandikia nani."

Akachukua daftari, akaandika. Jumanne mchana Mwalimu alizipitia kurasa zake sita, kalamu nyekundu mkononi. Ya mwisho ilipoisha akaifunika kalamu bila kuitumia.

"Mama Koleta, huyu anajua. Mimi alikuwa ananiandikia kama mtu wa nyumbani tu. Mrudishie simu yake."

Hapo ndipo ningeshika jembe. Lakini shimo likifunguliwa kabla ya siku zake, joto linatoka, ndizi zinabaki ngumu, na pombe ile ilikuwa ya harusi ya mtoto wa Domisiana. Niliona aibu ya harusi kwanza.

"Alhamisi si mbali," nikasema.

Alhamisi nilifukua. Ndizi zilikuwa zimeiva, laini, zinanukia. Simu ilikuwa imevimba tumbo, kioo kimejaa ukungu. Ineza aliitazama, akanitazama, akatoa laini, akaipachika kwenye simu ya Domisiana. Ujumbe ukaingia. Akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemsomea mtoto:

"Fika Jumatano, saa tatu asubuhi. Njoo na kalamu." Halafu wa pili: "Tumekusubiri mpaka saa tano."

Ijumaa tukaenda Rusumo. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi kilimani. Ofisini tulimkuta dada mmoja nyuma ya meza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Aliyeficha simu ni mimi. Mtihani nipe mimi nifeli, yeye mpe karatasi."

Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nafasi ilijazwa jana, bibi."

Ineza akaomba karatasi hivyo hivyo. Akaandika akiwa amesimama, Kiingereza ukurasa mzima, kuomba radhi na kuomba wamkumbuke. Hakunitaja humo, nilimuuliza baadaye. Yule dada aliisoma, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Ungekuja juzi," akasema kwa sauti ndogo.

Tukatoka. Kutoka pale hadi stendi ni kupanda mlima, na Ineza ana desturi ya kunishika mkono kwenye mlima, tangu akiwa mdogo, akijifanya ni yeye anayechoka.

"Mjukuu wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, bibi."

Alisema vizuri, neno zima, bila kulikata. Halafu akaongeza mwendo. Nikamwita, akaitikia "Abee" bila kugeuka, akaendelea kupanda katikati ya malori, mikono yote miwili mfukoni.

Nilifika stendi nikishikilia kuta za njiani.