Petroli ya Ajali

Ormelio alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, akizibua kitundu cha petroli cha kabureta kwa kukipuliza kwa mdomo, wakati jirani yake Zenaida alipochungulia juu ya ukuta na kumwambia kwamba Nivardo ameanguka. Rikimbili, ile baiskeli yake ya injini, imenoki barabarani, alisema, pale wanapomaliza kilima cha kiwanda cha sukari na kuanza kuteremka. Gurudumu la nyuma limekwama ghafla, na Migdalia, mke wa Nivardo, karushwa mpaka kwenye majani. Wamepelekwa hospitali ya mji kwa mkokoteni wa farasi.

"Ni hii petroli ya siku hizi," Zenaida alisema. "Nusu maji."

Ormelio aliiweka kabureta chini. Alitema mate, akanawa mikono kwenye beseni, akavaa shati. Alijua fika kwamba petroli haikuwa na kosa.

Migdalia alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki ilimbidi afike hospitali ya mkoa akasafishwe damu, na zamani ambulensi ya mji ilikuwa ikiwapitia wagonjwa wa figo alfajiri, mlango hadi mlango. Kisha ikaacha kupita. Hakuna petroli, walijibiwa, na kila waliporudi kuuliza jibu lilikuwa hilo hilo. Ndipo Nivardo alipoipata injini ya pampu ya kupulizia dawa ya mbu, akaifunga kwenye baiskeli yake, akaweka kiti cha sponji nyuma, na Cuba ikapata rikimbili nyingine isiyo na karatasi wala namba.

Juzi alikuja nayo uani kwa Ormelio, mkononi ameshika chupa ya petroli. Ilikuwa inatosha kwenda tu. Kurudi ilikuwa haitoshi.

"Ibane, fundi," alisema. "Inakula sana."

Ormelio aliibana. Aliishusha sindano ya kabureta ili petroli ipite kidogo. Akafungua kopo la maziwa lililofanywa chujio la hewa, akatoa kipande cha godoro kilichokuwa ndani na kukitupa, ili hewa iingie bila kizuizi. Injini ikabadilisha sauti, ikalia nyembamba na kali, na baiskeli ikaruka mbele kama iliyopata uhai mpya. Nivardo alizunguka mtaa mzima akicheka. Aliporudi alimshika Ormelio bega na kusema kwamba mji huu hauna fundi mwingine.

Injini kama hiyo hupata mafuta yake ya kulainisha humo humo kwenye petroli. Ukibana moja, umebana yote mawili. Inapata joto, na usipoipumzisha, pistoni hung'ang'ania kwenye silinda. Ormelio aliyajua hayo kama anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake. Maneno ya kumwonya Nivardo yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini ile sifa ilikuwa tamu, Zenaida alikuwa akisikia kutoka upande wa pili wa ukuta, na yeye akanyamaza, akajiambia kwamba atamwambia kesho.

Hospitalini aliwakuta kwenye ukumbi. Nivardo alikuwa amefungwa mkono kifuani, mfupa wa bega umevunjika. Mbele yake alisimama polisi mnene mwenye uso wa usingizi, akimuuliza nani aliyeichokonoa ile injini.

"Mimi mwenyewe, afande," Nivardo alisema, macho chini. "Najifunza."

Polisi alimwambia kwamba chombo hakina karatasi, kwa hiyo hakirudi. Kiko kituoni na kitabaki huko.

Ormelio alikuwa bado mlangoni. Angeweza kugeuka akaondoka. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Akasogea.

"Si yeye," alisema. "Niliibana mimi."

Polisi akamvuta pembeni karibu na dirisha. Alizungumza polepole, bila hasira, kama mtu anayeeleza ratiba ya maji. Akimwandika Ormelio, itabidi aandike pia injini ya serikali ilitokaje kwenye pampu ya mbu. Halafu petroli ilitoka kwa nani. Halafu huyo aliyeiuza aliipata wapi. "Na mimi mwenyewe kazini nakuja kwa petroli ya nani, unafikiri? Nenda nyumbani, mzee. Mwenzio keshasema ni yeye."

Migdalia alikuwa kitandani mwishoni mwa ukumbi, kifundo cha mkono kimevimba, uso umechubuka upande mmoja. Alipomwona Ormelio akatabasamu.

"Umesikia, fundi? Ambulensi inakuja kunichukua. Inanipeleka mkoani leo hii."

Ormelio alisema alidhani petroli hakuna.

"Ya wagonjwa wa figo hakuna. Ya ajali ipo, wameitenga." Alicheka, kisha akashika ubavu kwa maumivu. "Ningejua, ningejirusha mwenyewe mwezi uliopita. Watanifunga mkono na damu watanisafisha."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa sitakuwa ajali tena."

Ormelio alivuta kiti lakini hakukaa. Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, akishika mgongo wa kile kiti: sindano, chujio, joto, na jinsi alivyojua kabla Nivardo hajapanda. Alisema anaomba radhi. Tabasamu la Migdalia lilikuwa limeondoka.

"Tungekwenda tu," alisema. "Ungetuambia, bado tungekwenda, maana ningefanyaje? Lakini tungekwenda tukijua. Ningemshika Nivardo kiunoni vizuri. Tungepumzika juu ya kilima." Akageuza uso ukutani. "Hilo ungetuachia, fundi."

Watu wa ambulensi wakaja na machela. Ormelio aliwapisha, akatoka akitembea karibu na ukuta.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limepinduka. Langoni alimkuta Yamila, mwalimu wa shule ya vijijini huko ng'ambo ya mashamba ya miwa, ameegemea rikimbili yake na chupa kwenye kikapu. Basi la walimu lilikuwa limefutwa. Alikuwa amesikia habari za ajali, akampa pole, kisha akasema alichojia: chupa ile ilitakiwa imfikishe shuleni na kumrudisha.

Ormelio alimkalisha kwenye kigoda. Akamwambia kwamba ile haikuwa ajali ya petroli mbaya, ilikuwa kazi ya mikono yake. Akaeleza namna injini inavyopata joto, sauti inayotoa kabla ya kukwama, na namna ya kukamata klachi upesi ili gurudumu liachiwe. Akamwambia kwamba hata akiyafanya yote hayo, anaweza kuanguka. Alirudia mara mbili. Kila alipotaja kuanguka alimwona Migdalia akigeukia ukuta.

Yamila aliinamisha kichwa, akaitazama chupa.

"Nimeelewa," alisema. "Ibane tu."

Ormelio akachukua bisibisi.