Mgomba Uliozikwa Badala ya Muhonja

Jumanne asubuhi Jescah Muhonja alikuwa wa nne kwenye benchi la ofisi ya serikali mjini Kakamega, ile inayosaidia watu waliouzwa ng'ambo. Alikuwa na wiki moja tu tangu arudi kutoka Uarabuni, alikofungiwa miaka sita akifua nguo za nyumba tatu bila mshahara.

Karani, mama mmoja aitwaye Kemunto, akamwekesha dole gumba kwenye mashine. Mashine ikanyamaza. Dawa ya madoa ilikuwa imekula alama zote za vidole.

"Mashine haikuoni, dada."

"Itanionaje na nilishazikwa?"

Ilikuwa hivi. Mwaka wa tatu bila simu, watu wa kwao Chekalini waliuvika mgomba rinda lake wakauzika, kama anavyofanyiwa mtu ambaye maiti yake haikupatikana. Mvua ya Aprili ilipokolea, mgomba ukatoka kaburini, ukanawa miguu, ukaingia jikoni kusonga obusuma, ugali wa kwao. Mama yake Muhonja hakuuliza kitu. Alikuwa amelia vya kutosha. Serikali ilipopita kusajili watu, mgomba ukaandikwa Jescah Muhonja, na vidole vyake vikasomeka kushinda vya chifu. Muhonja mwenyewe aliporudi, mama akamtandikia mkeka. Kitanda kilikuwa na mwenyewe.

"Basi mlete," Kemunto akasema.

Alhamisi mashine ililipenda dole la mgomba mara moja. Msaada ukaidhinishwa: vikao sita vya ushauri nasaha.

"Mwenye kidole ndiye anaingia," Kemunto akasema.

"Lakini mimi ndiye niliyetendewa!"

"Najua, dada. Mwelezee mkiwa njiani."

Kwa hivyo kila Alhamisi Muhonja aliueleza mgomba njiani: pasi mgongoni, mlango uliofungwa kwa nje, mwenye nyumba. Mgomba ulikuwa na kichwa chepesi. Ulisimulia vizuri, ukalia utomvu hadi mshauri akaleta beseni. Ng'ambo ya barabara, wakala aliyempeleka Muhonja alikuwa akipiga wasichana wengine picha za pasipoti.

Kikao cha sita kilipoisha, mshauri aliandika kwamba mwathiriwa amepona, akafunga faili. Muhonja alikuwa akingoja kwenye ngazi.

"Walikuambia nini?"

"Waliniambia pole."

"Walisemaje? Sema vile walisema."

Mgomba ukamshika mikono yote miwili, ukamtazama machoni, ukasema polepole, kama ilivyosemwa ndani:

"Pole sana, Muhonja."

Muhonja akafumba macho.

"Tena," akasema.