Kikombe cha Vaikaunti

Mwaka ule wa sitini na saba, Ghanim, tajiri wa Matrah huko Omani aliyeondoka Unguja tangu kijana, alimposea mwanawe wa kiume binti wa Thabit, aitwaye Hind. Kilichomvuta ni maneno ya Thabit mwenyewe, kwamba huko Unguja alikuwa karani mkuu wa vaikaunti wa Kiingereza.

"Cheo kikubwa hicho," Thabit alikuwa akisema barazani. "Juu ya baroni, chini ya eli. Tukila meza moja."

Meza ilikuwapo kweli. Ila yeye alikuwa akiitandika.

Basi vaikaunti huyo huyo akaja Maskati kwa mambo ya mafuta, na Ghanim akamwalika kahawa. "Mkwe," alimwambia Thabit, "utakaa ubavuni mwake ututafsirie. Siku hiyo hiyo tutataja tarehe ya harusi."

Thabit akaazima joho, akaenda.

Mzungu aliingia akampa kila mtu mkono. Alipofika kwa Thabit alimpa kama alivyowapa wengine, akapita. Thabit akashusha pumzi.

Ikaja kahawa. Desturi ya huko, aliyetosheka hukitikisa kikombe, asiyetikisa huongezwa. Vaikaunti hakujua. Akamiminiwa, akanywa, akamiminiwa tena, mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akakinyoosha kikombe pembeni bila ya kutazama, kama mtu aliyezoea kuwa hapo pembeni hapakosi mtu.

Thabit alikwishasimama kabla hajajijua. Akakipokea kwa mikono miwili, akainama, akarudi kinyumenyume, macho chini.

Vaikaunti akageuka, akamkazia macho, akacheka kwa furaha. "Thabit! Boi wangu!" alisema kwa Kiingereza. "Sijapata tena wa kunihudumia mezani kama wewe."

"Anasemaje?" Ghanim akauliza.

Uboi si wizi. Hind alilelewa kwa kazi ile. Thabit aliyajua yote hayo, na bado ulimi ukaenda kwengine.

"Anasema kahawa yako nzuri, sheikh."

Ghanim alikitazama kikombe, akautazama mgongo ambao bado umeinama. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Kama nzuri, mmiminie nyingine, Thabit."

Hakusema mkwe. Thabit akalishika birika kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa wa kulia, kama watumishi wa kahawa wa huko, joho la watu likiburuzika chini, akamimina asimwage hata tone. Tarehe haikutajwa.

Nyumbani Hind alimfungulia mlango. "Baba, wamesema lini?"

Thabit akapita ndani. Akalivua joho, akaanza kulikunja, pindo juu ya pindo, kama kitambaa cha meza.