Blanketi la Manowari

Natamka mbele ya wasomaji, kwa akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, kwamba mwaka 1973 niliiba blanketi la mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni Majaliwa, mjomba wangu, aliyekuwa akifunikwa blanketi hilo kutibiwa kifua. Mtaa mzima wa Dunda, hapa Bagamoyo, unalijua kosa langu. Haya ndiyo maelezo ya mshitakiwa.

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu, mjomba alikwenda Mombasa akiwa kijana wa miaka ishirini, akaajiriwa bandarini Kilindini kwenye manowari za Waingereza. Hakupiga mzinga hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kukandika mabomba ya mvuke tumboni mwa meli ili yasipoteze joto. Walimwaga unga mweupe kutoka kwenye magunia, wakauchanganya na maji kwa mikono, wakaupaka bombani, halafu wakaviringisha kitambaa kizito juu yake. Meli ikiletwa kutengenezwa, waliubomoa ule wa zamani kwa nyundo na kupaka mpya. Alisema wakipanda juu kupumzika walikuwa weupe mpaka kope, na mabaharia waliwapiga picha wakicheka. Alirudi nyumbani na blanketi moja la kijivu, lililofumwa kwa kitu kilekile walichokandikia mabomba. Lilikuwa haliungui.

Kwa miaka mingi blanketi lilikaa sandukuni. Lilitolewa mjomba alipoanza kukohoa na kuhema kama mtu aliyepanda ngazi, ilhali nyumba yetu haina ngazi. Hospitali walimpa dawa za kifua kikuu mwaka mzima bila nafuu. Ndipo mkewe, Bi Sihaba, alipoamua kumtibu kwa mafusho.

Mafusho kila mtu anayajua: chungu cha majani yanayochemka, mgonjwa kakiinamia, blanketi juu yake, avute mvuke mpaka jasho limtoke. Tatizo ni kwamba chungu kikitolewa motoni hupoa upesi. Bi Sihaba aligundua kwamba kwa blanketi la manowari angeweza kuingiza chungu pamoja na seredani yake yenye makaa, na lisiungue hata uzi. Mvuke haukupoa. Sifa zikaenea. Wenye vifua walikuja kuliazima kutoka mitaa ya mbali, na mama mmoja alitoka Kerege kwa basi. Kila asubuhi Bi Sihaba alilikung'uta mlangoni kwa nguvu zake zote, na vumbi lake lilimeremeta juani.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja jina, kwa heshima yake. Baada ya likizo ya Juni nilikata pindo la blanketi, kiasi cha leso, nikaenda nalo shule. Kule nikaanzisha Kitambaa cha Kiapo. Mtuhumiwa anaapa, leso yake inashikwa juu ya moto wa spiriti, ikiungua ni mwongo. Mkate wa kiranja mkuu ulipopotea, tuliapishwa sote. Leso kumi na moja ziliungua. Yangu haikuungua, nikatangazwa mkweli pekee wa bweni zima. Mkate niliula mimi.

Kesi nyingine ilikuwa inaendelea kwenye maabara wakati Mwalimu Rajabali wa kemia alipoingia. Nilitegemea fimbo. Badala yake aliniambia niiweke leso mezani polepole na nisiipeperushe, akaimwagia maji, akaniuliza nimeitoa wapi. Nilimweleza yote, pamoja na mafusho. Mwalimu Rajabali ni mtu wa kucheka, lakini siku ile hakucheka. Alisema kitu hicho kinaitwa asbesto, ni jiwe linalosokotwa kama pamba, na vumbi lake ni vijiti vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Vikiingia mapafuni havitoki. Vinakaa huko miaka ishirini, thelathini, vikikomaza mapafu mpaka hayapanuki tena. Kaka yake ni daktari Bombay, amewaona wengi waliofanya kazi ya mjomba, na amewaona pia wake zao waliofua nguo zao tu. Nikamuuliza kuhusu mtu anayelikung'uta kila asubuhi. Akachukua karatasi akaanza kuandika barua.

Alinipatia ruhusa ya siku nne. Nilifika Bagamoyo mchana, nikamwamkia Bi Sihaba, nikamweleza mambo yote kwa utaratibu, bila utani hata chembe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Kitwana," alisema, "Juni iliyopita ulimwambia Zaina wa jirani kwamba bahari ya Mbegani imefungwa kwa matengenezo. Mwenzio akarudi na ndoo tupu, bila samaki. Leo blanketi langu lina vijiti."

"Hii ni kweli, Bi Sihaba. Naapa."

"Na ile uliapa."

Ilikuwa haki yake. Nilimwonyesha barua, akasema mwandiko wa kujifanya mwalimu ninaujua tangu darasa la tano, jambo ambalo nalo ni kweli. Akanyanyuka, akaliondoa blanketi kwenye kamba, akalikung'uta mara tatu mbele yangu ili nione kwamba halina kitu. Niliziba pumzi. Yeye alivuta yake yote.

Mjomba alikuwa chumbani, ameegemea mito mitatu, kwa maana akilala chali pumzi inakata. Ukuta wetu ni mwembamba na alikuwa amesikia kila neno. Alinyoosha mkono, nikampa barua. Aliisoma taratibu, akairudia, akaikunja.

"Genge letu tulikuwa watano," alisema. Alizungumza kwa vipande, akipumzika katikati. "Wanne wamekwisha kufa. Wote kifua. Tulikuwa tunasema ni ule unyevu wa Kilindini."

Nikamwambia basi amwite Bi Sihaba amweleze mwenyewe, maana yeye ataaminiwa. Alitikisa kichwa.

"Mimi la kwangu lilishaingia zamani, Kitwana. Halitoki. Lakini huyu bado. Nimemsikiliza kila siku, hajakohoa."

"Ndiyo sababu aambiwe, mjomba."

"Akiambiwa, atajua miaka miwili amenifunika na kilekile kilichoniua. Kwa mkono wake, kila siku baada ya alasiri. Unadhani atalala tena?" Alingoja pumzi irudi. "Sitaki alijue hilo hata nikifa. Na sitaki alishike tena lile blanketi. Basi tafuta njia."

Njia ilikuwa moja tu na sote wawili tuliiona.

"Nimekulea sikukufundisha wizi," mjomba alisema. "Leo niibie."

Alitaka kucheka, kikohozi kikamwahi, nikamshika mgongo mpaka kikaisha. Chini ya fulana mifupa yake ilihesabika.

Siku ya pili saa tisa Bi Sihaba alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima, kwani mwaka ule kila mtu alikuwa anasoma. Nilijifunga kitambaa puani kama barua ilivyoagiza. Nikalilowesha blanketi kwa ndoo mbili za maji pale pale kwenye kamba, vumbi lisiruke, nikalikunja likiwa linatiririka, nikalifunga ndani ya turubai. Lilikuwa zito kama mtu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo cha zamani kinachofukiwa. Nililitumbukiza shimoni, nikafukia mpaka juu, nikakanyagakanyaga. Nilifagia mlangoni, lakini kwanza nilipamwagia maji. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile, na nasikitika kwamba hapakuwa na shahidi.

Bi Sihaba aliporudi, nilikiri kabla sijaulizwa. Nilisema nimelifanya tanga la ngarawa na wenzangu, ngarawa ikapinduka Mbegani, blanketi likazama. Ukweli wangu ulikuwa umekataliwa pamoja na barua na saini. Huu uongo uliaminiwa papo hapo, na Zaina wa jirani akaongeza kwamba alituona.

Niliyategemea matusi. Sikutegemea kwamba angekaa chini kwanza, mikono mapajani, na kuuliza kwa sauti ndogo, "Na mjomba wako nitamfunika nini?"

Hapo nusura nitoboe siri. Niliangalia mlango wa chumba. Mjomba aliita kutoka ndani kwamba blanketi la sufu linatosha, na kwamba lile la manowari lilikuwa likimwasha. Bi Sihaba alimjibu asinitetee. Akaenda kuazima la sufu kwa Zaina. Alichemsha majani, akakitoa chungu kwenye seredani, akamfunika mumewe. Mvuke ulipopoa akachemsha tena. Jioni ile alichemsha mara nne. Mjomba hakupona, na barua haikuahidi kwamba angepona. Lakini aliinuka kwenye chungu akamshika mkewe mkono, wakakaa hivyo.

Asubuhi nilipofunga mzigo wangu kurudi shule, matusi yakafika. Bi Sihaba alisimama mlangoni, pale alipokuwa akikung'utia, akayaanza tangu kuzaliwa kwangu. Mkate wa kiranja hakuujua, lakini mengine yote aliyataja, mwaka kwa mwaka, na majirani wakatoka kusikiliza. Sauti yake ilifika mpaka kisimani. Mimi niliinamisha kichwa kama mtu anayejuta. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikamwona mjomba ameegemea mito yake mitatu, macho kayafumba, ametega sikio. Mkewe alikuwa anatukana bila kituo, sentensi ndefu juu ya sentensi ndefu, na pumzi haikukatika hata mara moja.