Wakfu wa Ukingo wa Brazos

Pesa za sadaka ya Shaame zilikuwa benki kwa majina mawili, la mjane wake na la mdogo wake, na zisingetoka ila wote wawili watie saini. Ndivyo walivyokubaliana siku ya arubaini, mbele ya watu. Mjane mwenyewe, Mwanakhamis, ndiye aliyetaka iwe hivyo, asije mtu akasema mwanamke amekula za marehemu. Hakujua kwamba miaka miwili baadaye saini hiyo ya pili ndiyo itakayomweka roho juu.

Zilikuwa pesa za rambirambi. Wazanzibari wa Houston na wa Dallas walichanga kila mtu kwa uwezo wake, kwa nia moja: Shaame afanyiwe kitu cha kudumu, sadaka ambayo thawabu zake zitaendelea kumfikia kaburini. Kitu gani, hawakusema. Waliiachia familia.

Familia, yaani Muzammil, mdogo wa marehemu. Yeye alikaa Garland, upande wa Dallas, akifanya kazi kwenye ghala la vipuri, mwendo wa saa nne kwa gari hadi Houston kwa shemegi yake. Kwake jambo hili halikuwa na mjadala. Mtu wa Pemba akifia ugenini huchimbiwa kisima kwao, kikatiwa kibao chenye jina lake, picha ikatumwa, watu wakaomba dua. Basi.

Lakini Mwanakhamis alikuwa na shauri jingine, na lilimjia kwa njia ya simu.

Shaame, katika uhai wake, alikuwa dereva wa kuwachukua wagonjwa wa figo kuwapeleka kusafishwa damu. Mmoja wao alikuwa mzee Delmar, Mmarekani aliyelima pamba maisha yake yote ng'ambo ya mji wa Sugar Land, kwenye ukingo wa mto Brazos. Kila akimrudisha nyumbani, Shaame alishuka mtoni, akatandika msala chini ya miti na kusali adhuhuri yake kabla ya kumfuata mgonjwa mwingine. Shamba lilikuwa limeachwa siku nyingi. Msitu ulikuwa umerudi wenyewe, na madimbwi, na ndege wa kila namna.

Sasa Delmar alikuwa anauza. Watoto wake walikuwa mbali na nguvu zilikuwa zimemwisha. Mjenzi wa nyumba alikwishapima na kukita vigingi vyenye utepe mwekundu. Angeyafukia madimbwi kwa malori ya udongo na kuzisimamisha nyumba zake, safu kwa safu. Mzee hakuipenda habari hiyo. Akaliachia nafasi ya kwanza shirika dogo linalonunua ardhi za mtoni ili zibaki kwa wanyama: wakileta bei waliyopatana kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya mwisho ya Aprili, shamba ni lao. Wasipoleta, ni la mjenzi. Shirika lilichangisha tangu majira ya baridi, na wiki ya mwisho likabaki na pengo.

Delmar hakumpigia Mwanakhamis simu kuomba kitu. Alimpigia kumwambia kama anataka kupaona mahali alipokuwa akisali mumewe, aje upesi, kabla hapajafukiwa. Mwanakhamis akaenda siku yake ya mapumziko. Alikaa kule saa nzima, na aliporudi garini alikuwa ameshaamua. Siku ya pili akampigia Muzammil.

"Shemegi," Muzammil alisema baada ya kumsikiliza, "unanambia tumnunulie marehemu msitu?"

"Hatununui sisi. Tunatia fungu letu lizibe pengo, shirika linanunua."

"Msitu wa mamba."

"Na wa ndege."

Mashine za ghalani zilikuwa zikilia nyuma ya Muzammil.

"Shemegi, mimi kisima nimeshakitangaza."

"Umekitangaza wapi?"

"Kwenye grupu la familia. Mwezi uliopita. Nilitaka kuwafurahisha tu. Nao wakafurahi kupita kiasi, wakasoma hitma ya shukrani. Wamepika na pilau."

"Wamekula pilau la kisima ambacho hakijapigwa hata jembe moja?"

"Wamechinja na mbuzi," Muzammil alisema kwa sauti ndogo.

Mwanakhamis alijizuia asicheke. "Visima viko vingapi pale kijijini?"

"Vitatu."

"Vya nani?"

"Cha marehemu Faki wa London, cha yule mama aliyefia Oman, na cha watu wa Toronto."

"Na vinavyotoa maji?"

"Kimoja. Lakini, shemegi, tangu bomba la serikali lifike, watu..."

"Haya."

"Usinambie haya kwa sauti hiyo."

"Mimi nimesema haya tu, shemegi yangu."

Muzammil akasema hawezi kumkatalia mke wa kaka yake kwenye simu, si adabu. Angeomba ruhusa kazini aje Ijumaa asubuhi, amkatalie uso kwa uso.

Mwanakhamis hakulumbana naye tena. Alhamisi, akitoka kwa bibi kizee anayemhudumia kule Katy, alinunua unga na nazi. Ijumaa alfajiri akachoma maandazi.

Muzammil aliondoka Garland baada ya sala ya alfajiri, akafika shambani saa tatu na nusu. Alishuka garini na kanzu ya Ijumaa nyeupe pe na viatu vya ngozi vinavyong'aa, akazitazama buti za mpira alizovaa Tasnim, binti wa marehemu, kisha akaitazama njia.

"Ami, nilikutumia meseji uje na viatu vya matope," Tasnim alisema.

"Nilidhani unatania."

"Kuna mto, Ami. Mto una matope. Everywhere."

Walikunywa chai kwanza, kwenye boneti ya gari, maana Mwanakhamis hakuwahi kuzungumza jambo na mtu mwenye njaa. Muzammil alikula maandazi matano akisema kila mara kwamba hana njaa. Kisha akaja mwanamke wa shirika, Rhonda, mrefu, mwenye kofia ya majani na faili kwapani, na wote wanne wakateremka mtoni. Mzee Delmar aliwapungia mkono kutoka kwenye baraza yake. Miguu haikumruhusu kushuka nao.

Muzammil alikunja kanzu hadi magotini. Hatua ya kumi kiatu kimoja kikabaki kwenye tope na mguu ukaendelea na safari.

"Mji mzima wa Houston, shemegi," alisema, akikivuta kwa mikono miwili, "wenye maduka yote yale, na mimi umenileta huku."

"Nimekuleta kwa kaka yako."

Walitokea penye dimbwi kubwa. Miti mirefu ilikuwa imesimama majini, matawi yake yakining'iniza majani marefu ya kijivu kama ndevu. Kulastara weupe walikuwa wamejaa juu ya mti mmoja, wakigombana na kupapatika. Chini yao, kwenye maji ya kina kifupi, domomwiko kumi na zaidi walikuwa wakitembea kwa mstari, wakiyafagia maji kwa midomo yao mipana, huku na huku, na rangi yao ilikuwa ya sharubati ya waridi. Muzammil alisimama na kiatu mkononi.

"Hawa wametiwa rangi?"

"Hao ndivyo walivyo, Ami."

"Subhanallah."

Kigingi cha mjenzi kilikuwa palepale ukingoni, utepe wake ukicheza na upepo. Mwanakhamis alimwonyesha mahali palipokuwa na nyasi fupi chini ya mti, akamwambia hapo ndipo Shaame alipokuwa akisali. Muzammil alipatazama kwa muda, akaelekeza uso kibla kupima, akatikisa kichwa kukubali kwamba kaka yake alipapatia sawasawa.

Kisha akamgeukia Rhonda. Alianza kumhoji kwa Kiingereza cha ghalani, kifupi na cha haraka, na Tasnim akimsaidia penye maneno ya kisheria. Muzammil alisoma chuo cha dini miaka sita kabla ya kuja Marekani, na alipokuwa na shaka alikuwa mtu wa maswali.

"Mkishanunua, mnaweza kuuza?"

Rhonda akasema hapana. Hati yenyewe inakataza.

"Mkipata bei kubwa mara kumi?"

"Hata mara mia."

"Mtu anaweza kulirithi shamba?"

"Hapana."

"Kuligawa vipande?"

"Hapana. Wala kujenga, wala kufukia."

"Kwa miaka mingapi?"

Rhonda alicheka kidogo, akafungua faili na kumwonyesha mstari kwa kidole. "Milele. Hilo ndilo neno lililoandikwa."

"Na shirika lenu likifa?"

"Linakwenda kwa shirika jingine lenye kazi hii hii. Limekwishatajwa hapa."

"Na nani anakuja kuangalia kama masharti yanafuatwa?"

"Kila mwaka mtu wetu anauzunguka mpaka wote kwa miguu, anaandika ripoti."

Muzammil alifumba macho, akarudia kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Mwanakhamis alijua anachokifanya. Yeye mwenyewe alikifanya siku ile alipokaa hapa peke yake, mapajani karatasi za shirika alizopewa na Delmar, kwa hiyo alisubiri. Hakutaka kumtangulia.

"Shemegi," Muzammil alisema hatimaye, kwa Kiswahili, "kitu hiki hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kina msimamizi. Kina wanaonufaika, nao ni viumbe wa Mungu. Hii si ni wakfu?"

"Ni wakfu."

"Hawa wakfu wamejifunza wapi?"

"Muulize mwenyewe."

"Kwa nini hukunambia kwenye simu?"

"Ningekwambia, ungesema mwanamke ananifundisha dini."

Tasnim aligeuka upande wa maji ili ami yake asimwone akicheka. Muzammil alimwona. Akacheka na yeye, kisha uso ukambadilika ghafla, akakumbuka.

"Na jamaa wa Wete, kule Pemba? Na mbuzi wa watu?"

Hapo ndipo penye kazi, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Ilikuwa saa nne na ushei. Alipiga video ya ndege na dimbwi, akaituma kwenye grupu, kisha akajitenga hatua chache, akaisogeza simu mdomoni kurekodi ujumbe, kama anayekula mhogo wa moto. Walimsikia akisema asalaam aleikum mara tatu. Walimsikia akisema kwamba alifanya haraka, kwamba kisima bado, kwamba anawaomba radhi wakubwa na wadogo, na kwamba kaka yake anawekewa wakfu huku alikofia, kwenye mto, wa ndege hawa mnaowaona, na wao wampe ruhusa kwa sababu ana saa moja na nusu tu.

Wakangoja. Kwao ilikuwa jioni, watu wametoka kusali magharibi na wanakunywa kahawa. Simu ikalia. Ni shangazi yao mkubwa, bibi wa miaka themanini, ambaye maneno yake katika ukoo ule hayakuwa na rufaa. Muzammil aliufungua ujumbe wake wa sauti na kuinua simu ili wote wasikie.

"Wewe Muzammil, pilau tumeshakula, hatuna la kukurudishia. Kisima cha nne tungechota nini, fedheha? Pampu ya Faki mbuzi ndio wanajikunia. Wape ndege wa watu haki yao. Na huyo mwekundu mwenye mdomo kama mwiko wangu wa wali, nitumie picha yake vizuri, hii inatikisika."

Muzammil alisikiliza mara mbili. Akafuta macho kwa mkono wa kanzu, akaacha alama ya tope shavuni. "Benki iko wapi?" akauliza.

Benki iliwachukua dakika ishirini, kumi kati yake zikiwa za karani kuitazama kanzu ya matope bila kujionyesha. Saa sita kasorobo walikuwa ofisini kwa mwanasheria. Delmar alikuwa ameletwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa shati lililopigwa pasi. Karatasi zilipita kutoka mkono hadi mkono. Mzee alitia saini polepole, kila ukurasa, na alipomaliza alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Rhonda alitoka nje kumpigia mjenzi akang'oe vigingi vyake. Muzammil alimfuata. Alitaka kujua kama yule anayezunguka mpaka kila mwaka lazima awe mtu wa shirika, au hata mtu wa Garland anaweza kuandikishwa.

Mwanakhamis alibaki na Delmar.

"Mumeo aliwahi kukwambia kwamba alikuwa akizungumza na wale ndege?" mzee aliuliza.

Hakuwahi. Miaka miwili Mwanakhamis alikuwa akiyarudia yale yale anayoyajua ya Shaame, akiogopa kuyachakaza, na sasa kumbe kulikuwa na jingine.

"Akiwaambia nini?"

"Nitajuaje? Ilikuwa lugha yenu. Akimaliza sala yake anakaa, na wale weupe wako pale, anaanza. Nilimsikia kutoka barazani. Alikuwa anafanya mkono hivi." Delmar aliuinua mkono wake mkavu, kiganja juu, akautikisa mara mbili hewani.

Mwanakhamis aliujua mkono ule. Ulikuwa mkono wa Shaame akilalamika kwamba wali umezidi chumvi, na kwamba akisema hasikilizwi. Alikuwa akimsema kwa ndege. Mchana wa Mungu, na wagonjwa wanamsubiri, amekaa mtoni anamsengenya mke wake.

Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata Tasnim akafungua mlango kuona kuna nini, na mama yake hakuweza kumweleza, akawa anamwonyesha mkono tu, kiganja juu, hivi, hivi, na mzee Delmar naye akiuonyesha wake.